Magari Tuliyoyakataa

Marehemu mume wangu hakuwa mtu wa mpira, wala wa bao, wala wa kukaa na wenziwe pale Woolwich, mtaani kwetu, wakinywa kahawa na kuzilaumu serikali mbili kwa pamoja, ya huku Uingereza na ya kule kwetu Unguja. Maradhi yake yeye yalikuwa magari. Na si magari ya fahari, hayo hakuyatizama mara mbili. Alipenda vigari vidogo vya kawaida, vile anavyoendea kazini mwalimu wa skuli, na alitaka kujua jambo moja tu: baina ya hiki na kile, kipi kitapita upesi zaidi katikati ya koni?

Hebu nieleze, maana hata dada zangu kule Unguja nimewafahamisha mpaka nikachoka na hawakufahamu. Kuna mchezo huku unaitwa otokrosi. Jumapili watu hukusanyika kwenye kiwanja cha ndege cha zamani, nje ya mji, lami tupu na upepo wa kukata masikio. Hupanga koni za rangi ya chungwa, hizi hizi za barabarani, wakafanya njia ya kupindapinda. Kisha gari linaingia peke yake, linapita humo mbio, linatoka, na muda wake unasomwa. Ukigusa koni unaongezewa sekunde. Ukikosea njia, mzunguko huo umeharibika. Hakuna kufukuzana, hakuna kikombe cha maana, hakuna mtu wa televisheni. Watu wazima na akili zao wanaamka alfajiri kwa ajili hiyo! Na ukimaliza zamu yako hukai. Unavaa kizibao cha rangi ukasimame uwanjani kuwainulia wenzako koni wanazoziangusha. Miye mwenyewe nimesimama huko na buibui langu na kizibao juu yake, mvua inanichapa, nainua koni za watu. Mama yangu angeniona angesema mwanangu karogwa.

Mume wangu alikuwa akishindana katika daraja la stoki, yaani magari yaliyobaki kama yalivyotoka kiwandani. Springi zilezile, injini ileile, hata kiti cha nyuma huruhusiwi kukitoa ili gari lipungue uzito. Tairi unaweza kuchagua, na breki kidogo, basi. Kwa hiyo ufundi wake wote, naye alikuwa fundi wa mabasi tangu tulipofika nchi hii, haukumsaidia kitu. Ukinunua gari lisilofaa utabaki nalo hivyo hivyo, hulitengenezi likafaa. "Kwenye stoki mtu anashinda siku ya kununua," alikuwa akiniambia, na miye namjibu kwamba basi mashindano yafanyike kwenye yadi ya magari, tusipigwe na baridi.

Miaka yote hiyo tulikuwa na gari moja, Starlet. Lilikuwa kongwe, jepesi, na kwenye kona lililala upande mpaka niliokuwa nimesimama nao kwenye koni wakishika vichwa. Hatukuwa tukishinda, lakini hatukuwa wa mwisho. Halafu mwaka mmoja, msimu ulipokwisha, likakaguliwa na kuonekana limeoza chini kote, halitengenezeki. Wakaja kulichukua kwa lori. Alisimama dirishani mpaka lori likapinda njia, kisha akageuka akanambia, "Sasa tununue la kushinda." Alisema kwa furaha kabisa.

Majira hayohayo mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshaanza kumfanyia vitimbi. Akitembea unaburura kidogo. Akipanda ngazi anashika ukuta. Na mguu wa kushoto, kwa asiyejua, ndio wa klachi. Bila ya huo hubadili gia, na gari la gia halendi. Siku aliyokwenda hospitali kuchukua majibu miye nilikuwa kazini, nawaogesha wazee wa watu. Niliporudi nikamkuta anakaanga mayai.

"Wamesema nini?"

"Mshipa umebanwa. Utajiachia wenyewe."

Nikashukuru Mungu. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Binti yetu hakuridhika. Huyu ni mzaliwa wa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri sana, lakini kukijibu hakijibu ng'o. Akamwambia baba yake, kwa Kiingereza chake cha harakaharaka, kwamba kama ni lazima anunue gari basi anunue automatiki, mguu wa kushoto upumzike. Mume wangu akamtizama kama aliyetukaniwa wazee wake.

"Automatiki za daraja letu zinafikiri kwanza, ndipo zibadili gia. Umeshafika kwenye koni, yenyewe bado inatafakari."

"Kwani lazima ushinde?" nikamuuliza miye.

"Si lazima nishinde. Lazima niwe naweza kushinda."

Basi nikajua hapa hakuna mjadala. Na nikasema moyoni, huyu atapata gari lake la gia na ataingia kwenye koni msimu ujao, inshallah. Nililitaka jambo hilo kuliko yeye. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa kimya, mwenye haya, mtu wa kukaa nyuma kwenye kila shughuli. Lakini nilikuwa nikimwona akitoka kwenye gari baada ya mzunguko mzuri, uso umemnyooka, anacheka na watu asiowajua, anawapigapiga mabegani. Mtu yule nilikuwa nikimpata uwanjani tu. Sikuwa tayari kumpoteza.

Baridi yote ile ikawa ni kulinganisha magari. Asubuhi hatujamaliza chai, yeye ameshapanga mezani vikombe na kopo la sukari, hizo ndizo koni, na kibiriti ndilo gari. Civic, ananambia, injini yake ni shujaa lakini inaamka imechelewa. Mpaka ikaamke, kona imeshafika na huna budi kukanyaga breki. Swift ni fupi na jepesi, linageuka upesi, ila ukilitia haraka zaidi ya kiasi chake pua inakwenda isikotakiwa. Magari yote yanayovutwa kwa mbele yana tabia hiyo, akasema, tairi za mbele zina kazi mbili kwa wakati mmoja. MX-5 nalo, lile dogo la viti viwili, linasukumwa kwa nyuma, uzito wake umegawika sawasawa, usukani wake unakwambia kila kitu. Lakini MX-5 ni la watu wawili tu, na binti akija je?

"Binti ana gari lake," nikamwambia. "Na miye nataka Swift. Jekundu."

"Rangi haina sekunde, bibie."

"Basi usiniulize."

"Sikukuuliza."

Tulicheka sana majira yale. Nasema kweli, tulicheka.

La kwanza kwenda kulitizama lilikuwa Civic, upande wa pili wa mto. Tukapanda matreni mawili na basi. Yeye akalizunguka, akafungua boneti, akachungulia chini, akasema halifai, injini inaamka imechelewa. Khaa! Si alilijua hilo nyumbani, kabla hatujavaa viatu? Nikamwambia njiani, akasema alitaka kuhakikisha. Nikamuuliza umehakikishaje na hata hukuliwasha? Akajitia kutazama dirishani.

La pili lilikuwa huko mtaa wa Harrow. Lilikuwa Swift, na mwenyewe mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu. Alipotusikia tukisemezana mlangoni alifurahi nusura atukumbatie. "Karibu mama, karibu bwana! Kumbe ni watu wa nyumbani!" Mkewe akaleta chai ya maziwa na chevda, vile vitafunio vya Kihindi vya pilipili, na kabla hatujaliona gari tulishaulizana habari za Kisumu na za Unguja, nani kahama, nani kafa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya kabisa, na mume wangu alikuwa akijizuia asicheke. Kisha tukatoka nje. Gari lilikuwa safi. Yule mzee akanyoosha funguo.

"Chukua, bwana, zunguka nayo kidogo. Barabara ni yako."

Mume wangu akaweka mikono nyuma.

"Hapana, mzee wangu. Nimeshaona. Pua nzito."

Miye nikabaki mdomo wazi. Huyu mtu hanunui hata birika mpaka alijaze maji dukani alione linavyomimina. Alipokwenda kununua lile Starlet, akiwa bado kijana, alilizungusha mpaka mwenye nalo akadhani limeibiwa. Leo anapewa funguo mkononi, anazikataa? Nikaona hapa pana jambo.

Tulipoaga, tukavuka njia kuelekea stesheni. Nilikuwa nyuma yake kidogo. Alipofika ukingoni mwa njia alisimama, akashika suruali yake kwenye goti la kushoto, kama mwanamke anayeinua kanga asiirowanishe, akaunyanyua mguu kwa mkono akauweka juu ya ukingo. Akafanya upesi, akatizama kulia na kushoto kama mwizi. Hakunitizama miye.

Treni ya Metropolitan ina viti vya kutizamana. Tulikaa tunatizamana mpaka mjini, yeye ananieleza habari ya pua ya Swift, na miye naitikia eeh, eeh, na ndani nimekufa. Nilikuwa nimefahamu. Hakuwa akiyachagua magari, alikuwa akiyakimbia. Siku atakayosema hili linafaa, itambidi aingie aliendeshe, na hawezi. Lakini akilitia kasoro, basi kasoro ni ya gari, yeye bado ni dereva anayetafuta gari lake. Na mshipa haukubanwa. Mshipa uliobanwa haumfanyi mtu akufiche mguu wake.

Sikumuuliza. Watu wangesema muulize, ni mumeo. Aka! Nimuulize nini? Nimvue nguo barabarani? Kesho yake kazini nilikuwa namwosha bibi mmoja mgongo, bibi asiyejua hata jina lake mwenyewe, machozi yakaanza kunitoka na kuangukia kwenye maji yake. Akanipapasa mkono, akawa ananituliza kwa maneno yasiyo na maana. Nikalia kweli kweli.

Tangu siku hiyo nikawa miye ndiye ninayetafuta magari. Nikitoka kazini, kwenye basi, natafuta kwenye simu. Narudi namwambia, "Bwana wee, nimeona jingine, lipo karibu na bahari huko, la mwanamke mmoja, halikutembea sana." Macho yanamwaka. "Lete niione." Anavaa miwani, anakuza picha, anatafuta. Limeegeshwa kwenye majani, chini litakuwa limeoza. Tairi zimelika upande, limegonga hili. Magurudumu makubwa kuliko ya kiwandani, si stoki tena hilo. Na miye nampinga, kwa maneno yake mwenyewe aliyonifunza mezani, tunabishana mpaka chakula kinapoa. Mengine tukayafuata tukayaone, tukayakataa, tukarudi. Alikuwa anachoka njiani zaidi na zaidi, na miye najidai nataka kupumzika, nasema viatu vinanibana. Nilimpenda majira yale kuliko siku aliyonioa.

Halafu likaja la Croydon.

Hili alilipata mwenyewe. MX-5, la mtu mmoja tangu jipya. Hakuniita nije nione picha. Nilimkuta anaitizama peke yake, na simu imezimika taa yake anaiwasha tena. "Twende tukalione," akasema, bila ya mzaha wowote. Nadhani alitegemea kulikuta na kasoro. Kila gari lina kasoro.

Mwenye nalo alikuwa Mwingereza mpole, anahamia nchi nyingine, nyumba yake haikuwa mbali na njia ya tramu, vile vitreni vinavyopita barabarani. Gari lilikuwa nje, la kijani kibichi, dogo, limekaa chini kama paka. Mume wangu akaanza kazi yake. Akatizama tairi. Akapiga magoti, kwa shida, akamulika chini kwa simu. Akapapasa springi moja moja. Akafungua boneti, akanusa mafuta. Akapitisha vidole kwenye maungio ya milango. Nikawa nasubiri aseme kitu. Nilikuwa nimeshazoea, sasa hivi atanyooka, atakunja uso, atasema pua, au kutu, au tairi.

Alinyooka, na kasoro hakuipata.

Akalizunguka mara nyingine. Niliona shingo yake inavuja jasho, na ilikuwa baridi ya kutoa moshi mdomoni. Yule Mwingereza akadhani ndiyo limependeza, akacheka, akaja akamtia funguo kiganjani na kumfunga vidole kwa mkono wake. Akasema nenda, usione haya, hutalipenda mpaka uliendeshe.

Gari lile liko chini sana. Mume wangu aliingia kwa kujiangusha. Mguu wa kushoto ukabaki nje, juu ya lami. Akauinua kwa mikono miwili akauingiza, akauweka juu ya klachi. Mwenye gari alikuwa ananieleza miye habari za paa, namna linavyokunjwa, na miye sikumsikia. Nilikuwa naona lile paja linatetemeka ndani ya suruali. Pedali haikushuka hata kidogo. Akasukuma goti kwa kiganja. Haikushuka. Akawa anaitizama tu ile pedali, midomo ameibana, na uso ule sitaki kuuona tena duniani wala akhera. Yule Mwingereza akaanza kugeuka amtizame.

Maneno yakanitoka.

"Springi hizi si za kiwandani," nikasema kwa sauti, kwa Kiingereza changu cha kazini. "Zimebadilishwa. Limekaa chini kupita kiasi. Kwenye stoki halikubaliki hili."

Uongo mtupu. Mwenye gari akaruka. Hapana, mama, halijaguswa, naapa, makaratasi yote ninayo. Nikamwambia miye nimesimama na magari haya miaka, nayajua yanavyokaa, usinifanye mtoto. Nilimfokea maskini ya Mungu, hana kosa lolote. Na huku nimemkazia macho mume wangu nikingoja. Kwa sababu mtu huyu hakuweza kulisikia neno la uongo juu ya gari akalinyamazia. Kwenye khitma ya jirani yetu aliwahi kumkatiza mtu aliyesema Corolla fulani inasukumwa kwa nyuma. Nikasema sasa hivi atanisahihisha, na tutaumbuka wote.

Alinitizama muda mrefu. Kisha akazitoa funguo.

"Mke wangu kasema kweli," akasema. "Limekaa chini."

Nilikwenda nikatia mikono chini ya makwapa yake, kama ninavyowatia wazee wangu kazini, nikamtoa. Alikuwa mwepesi. Yule Mwingereza alituangalia, na nadhani alifahamu, kwa sababu aliacha kubisha, akasema samahani, tena kwa sauti ya chini.

Mpaka kituo cha tramu si mbali, lakini tulichukua muda. Alinishika mkono njia nzima. Tukakaa kwenye kile kiti cha chuma, watu wanapita na mifuko yao.

"Springi zile ni za kiwandani," akasema.

"Najua."

"Umejua tangu lini?" Hakuwa akiuliza springi.

"Tangu Harrow."

"Na ukaniacha nikuburure na matreni yote yale?"

"Nani kakwambia nimebururwa?"

 Kisha akanambia alichoambiwa hospitali siku ile niliyomkuta anakaanga mayai. Alinambia jina la maradhi, kwamba yanaanza mguuni na hayasimami mguuni, na mengine waliyomwambia. Alisema polepole, kwa utaratibu, kama anavyonieleza habari za injini. Sikulia. Nikamuuliza mbona hukunambia, akasema angenambia, alitaka kwanza tupate gari.

Tramu ikaja, ikafungua milango, ikafunga. Hatukuinuka.

"Lakini lile gari, bibie." Akageuka kunitizama, na macho yalikuwa yanawaka yaleyale ya mezani. Sasa hakuwa na haja ya kulitia kasoro. "Lile gari ni zuri, wallahi. Sijapata kuona gari la stoki limekaa sawa vile. Halina kutu. Halina hata mkwaruzo."

"Zuri sana," nikasema.

"Lingeshinda."

"Wote?"

"Wote! Sikiliza. Ile kona ya mwanzo, wenzetu wote wanaiingilia polepole. Lile huna haja. Unakwenda nalo moja kwa moja, gia ya pili, unalitupa hivi..."

Akanyoosha mikono mbele, akaushika usukani usiokuwepo, na akaniendeshea. Alipita koni ya kwanza, akapita ya pili, mwili wake wote unainama kulia na kushoto, mguu wake wa kulia unakanyaga sakafu ya kituo. Watu walikuwa wanamtizama. Akafika mahali pa kubadili gia. Mkono ukashuka kwenye gia, mguu wa kushoto ukabaki vilevile ulivyo, na yeye akautizama. Mikono ikamwanguka mapajani. Akalia kwa sauti, mume wangu mwenye haya, mbele za watu, na miye nikampakata kichwa na kulia naye, na tramu ya pili ikaja ikaondoka.